Ngano ya Chilalo, na Faida ya Bwana Shamba

Wazee wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mmoja ajulikanaye sana vijijini ni bwana shamba. Huja na mbegu mfukoni, na kamba ya kupimia mistari, na maneno mengi juu ya kupanda, kupalilia, na kutia mbolea. Wako wamsikilizao kwa makini, na wako wamchekao akiisha kuwapa kisogo. Katika kurasa hizi twataka kuuliza swali moja tu: Je, elimu ya mgeni huyu yaleta mali kweli? Na ikiwa yaleta, mali hiyo yaingia katika ghala ya nani?

Ili tupate jibu lisilo la kubahatisha, twawaeleza habari za nchi moja ya ngano. Nchi hiyo ni Chilalo, katika Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Huko elimu ya shamba ilifundishwa kwa bidii kubwa tangu mwaka 1967, na matokeo yake yaliandikwa, hata leo mtu aweza kuyapima, mema na mabaya.

Chilalo ni jina la mlima ambao kilele chake chapita meta 4,000 juu ya bahari. Uko katika jimbo la Arsi, kusini-mashariki ya mji wa Addis Ababa, na katika miteremko yake uko mji wa Asella. Nchi ile ni ya baridi, udongo wake ni mzuri, na mvua kubwa hunyesha toka Juni hata Septemba. Wenyeji wake ni Waoromo wa Arsi, ambao zamani walikuwa hasa wafugaji wa ng'ombe. Katika miaka ya 1880 majeshi ya Menelik, aliyekuwa mfalme wa Shewa na baadaye akawa mfalme wa Ethiopia nzima, yaliwaendea kwa vita. Waarsi walipigana kwa ushujaa miaka mingi, lakini bunduki ziliwashinda. Baada ya vita ardhi yao nyingi iligawiwa askari na wakubwa wa serikali, na wenyeji wengi wakawa wapangaji katika nchi ya baba zao.

Hata ilipofika miaka ya 1960, karibu nusu ya wakulima wa Chilalo walilima ardhi isiyo yao. Mpangaji alimpa mwenye ardhi theluthi ya mavuno, na mahali pengine nusu. Mara nyingi hapakuwa na hati yo yote. Maneno ya mdomo ndiyo yaliyokuwa mapatano, na mwenye ardhi akitaka kumwondoa mtu, humwondoa. Twamwomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Kilimo chao kilikuwa hivi. Mkulima alilima kwa plau ya mti yenye ncha ya chuma, iliyokokotwa na maksai wawili. Akalima shamba lile lile mara tatu au nne, kisha akaitapanya ngano kwa mkono na kuifukia. Mbegu ilikuwa ya baba yake na ya babu yake. Samadi haikufika shambani, kwa kuwa mara nyingi ilikaushwa ikawa kuni. Novemba na Desemba alivuna kwa mundu, akapura kwa kuwaswaga ng'ombe wakanyage masuke. Hekta moja ilimpa magunia kumi hivi ya kilo 100. Katika hayo alitoa fungu la mwenye ardhi, akatenga mbegu ya mwaka ujao, akauza kidogo apate fedha ya kodi na ya chumvi. Na yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yake mwaka mzima.

Mtu wa namna hii si mvivu, wala si mjinga, kama wengine wasemavyo. Azijua mvua zake na udongo wake kuliko mgeni ye yote. Lakini hana nafasi ya kujaribu. Tajiri akijaribu jambo jipya akakosea, atapata hasara. Maskini akikosea, watoto wake watalala na njaa. Ndiyo sababu maskini hushika desturi ya jana, kwa kuwa ya jana aijua. Bwana shamba asiyelifahamu neno hili afadhali abaki nyumbani.

Mwaka 1967 serikali ya Ethiopia na serikali ya Uswidi zilipatana kuanzisha kazi kubwa ya kuendeleza kilimo katika Chilalo. Kazi hiyo ilijulikana kwa herufi za kwanza za jina lake, CADU, na makao yake yakawa Asella. Mmoja wa viongozi wake wa awali alikuwa Mswidi, Bwana Bengt Nekby, na pamoja naye walikuwako Waethiopia waliosomea kilimo. Shabaha yao iliandikwa wazi: kuwainua wakulima wadogo na wapangaji, si matajiri.

Wageni hawa hawakuanza kwa kufundisha. Walianza kwa kujifunza. Huko Kulumsa, karibu na Asella, walilima mashamba ya kujaribia, wakapanda aina nyingi za ngano ubavu kwa ubavu, waone ipi yazaa sana na ipi yastahimili maradhi. Zilikuwamo mbegu za asili ya Mexico, na zilikuwamo mbegu zilizotoka Njoro katika Kenya, ambako kazi ya kuchanganya mbegu za ngano imefanywa tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Hivyo nchi yetu ya Afrika ya Mashariki nayo ina fungu lake katika habari hii.

Walipokwisha kujua mbegu iliyofaa na kipimo cha mbolea ya chumvichumvi, ndipo mabwana shamba walipotumwa vijijini. Nao hawakutegemea maneno matupu. Katika kila upande wakulima walimchagua mwenzao awe mkulima wa mfano. Katika shamba lake bwana shamba alipanda vipande viwili: kimoja kwa desturi ya zamani, na cha pili kwa mbegu bora na mbolea. Kisha majirani waliitwa kutazama, wakati wa kupanda, na wakati wa kupalilia, na wakati wa kuvuna. Macho hayana pazia. Mtu aliyeona masuke mazito ya jirani yake, katika udongo kama wake na mvua kama yake, hakuhitaji hotuba.

Tena wageni hawa walifahamu kwamba elimu peke yake haitoshi. Mtu akijua faida ya mbolea asipate fedha ya kuinunua, ujuzi wake wamwumiza tu. Kwa hiyo walianzisha mikopo: mkulima alitanguliza sehemu ya bei, akapewa mbegu na mbolea, na deni lililobaki alilipa baada ya kuvuna. Vile vile walinunua ngano ya wakulima wenyewe kwa mizani ya haki, ili wafanya biashara wasiwapunje. Msimu wa kwanza waliokopa hawakufika watu 200. Baada ya miaka michache tu walipita 10,000. Hesabu hii yaonyesha kwamba mkulima, akiisha kuona kwa macho yake na kupewa njia ya kujaribu, hakawii kushika mambo mapya.

Basi, je, mali ilikuja? Ilikuja. Mahali pengi mavuno yaliongezeka sana, na ngano ya Arsi ikajulikana sokoni Addis Ababa. Kama tungekoma hapa, tungesema kwamba bwana shamba ameshinda, na kila mtu ampigie makofi. Lakini hatuwezi kukoma hapa, maana tumeuliza pia, mali yaingia katika ghala ya nani?

Tufanye hesabu ndogo, kama tufanyavyo darasani. Hii ni mfano tu, si hesabu ya mtu fulani. Tuseme hekta moja ilitoa magunia 12 kwa desturi ya zamani, na kwa mbegu bora na mbolea inatoa magunia 24. Na tuseme bei ya mbegu na mbolea ni sawa na bei ya magunia 5.

Kwanza, mtu mwenye ardhi yake mwenyewe. Zamani alipata magunia 12. Sasa apata 24, atoa 5, abakiwa na 19. Amepata faida ya magunia 7.

Pili, mpangaji atoaye theluthi. Zamani alivuna 12, akatoa 4, akabakiwa na 8. Sasa avuna 24, atoa 8, alipa deni la 5, abakiwa na 11. Faida yake ni magunia 3 tu, na jasho lote ni lake.

Tatu, mpangaji ambaye mwenye ardhi, akiisha kuona ngano nzuri, amempandishia kodi toka theluthi hata nusu. Avuna 24, atoa 12, alipa deni la 5, abakiwa na 7. Tazama, wasomaji: shamba limezaa mara mbili, lakini mwenye jembe amepungukiwa gunia moja! Na mwenye ardhi, ambaye hakushika plau wala hakulipa mbolea, fungu lake limeongezeka toka 4 hata 12.

Hesabu hii yaeleza yaliyotukia Chilalo. Wenye ardhi walipoona kwamba ngano imekuwa mali, wengine walipandisha kodi. Tena mpangaji aliyetaka mkopo alihitaji kibali cha mwenye ardhi, na wengi walinyimwa. Wakuu wa CADU waliliona jambo hili, wakazuia wenye mashamba makubwa wasipate mikopo yao. Lakini mwenye mali hakosi mlango. Matajiri walikopa fedha katika benki, wakaleta trekta na mashine za kuvuna, nayo serikali ikawaondolea ushuru. Mtu mwenye trekta hana haja na wapangaji ishirini. Katika mwanzo wa miaka ya 1970 maelfu ya watu waliondolewa katika mashamba waliyozaliwa. Walifunga mizigo yao, wakaswaga ng'ombe wachache, wakaenda kutafuta pa kukaa. Ng'ombe nao walikosa malisho, kwa kuwa mbuga za zamani zilikuwa zimelimwa ngano.

Hivyo mgeni alikuja, na mwenyeji mmoja akapona, na mwenyeji wa pili akafukuzwa nyumbani. Haikuwa nia ya mgeni. Waswidi walifadhaika sana, wakaiambia serikali ya Mfalme Haile Selassie kwamba yapasa itungwe sheria ya kuwalinda wapangaji. Sheria iliandikwa ikapelekwa barazani Addis Ababa. Lakini wengi wa wajumbe wa baraza lile walikuwa wenye ardhi wenyewe, na mtu hakati tawi alilokalia. Miaka ikapita, na sheria haikupitishwa.

Lililokataliwa kwa upole lilikuja kwa nguvu. Tarehe 12 Septemba, 1974, askari walimwondoa Mfalme katika kiti chake, na tarehe 4 Machi, 1975, walitangaza kwamba ardhi yote ya mashamba ni ya watu wote. Kodi ya theluthi na ya nusu ikakomeshwa. Nyumba moja isipewe zaidi ya hekta 10. Na wakulima wakaunda vyama vyao vya kugawa ardhi. Kwa wapangaji wa Chilalo ilikuwa siku ya furaha kubwa.

Je, sasa faida ya elimu ilimfikia mkulima? Kwa sehemu tu. Serikali ile mpya ya askari iliamuru wakulima waiuzie kiasi fulani cha nafaka kwa bei iliyopangwa nayo, bei iliyokuwa chini ya ile ya soko. Mbegu bora na mbolea nyingi zilipelekwa katika mashamba makubwa ya serikali. Katika miaka ya 1980 watu walihamishwa kwa amri wakae pamoja katika vijiji vipya, na wengine wakaingizwa katika mashamba ya ushirika wasiyoyataka. Mwenye ardhi alikwisha kuondoka, lakini bei mbaya ilishika nafasi yake. Kwa maana kuchukua nusu ya magunia ya mtu, na kununua magunia yake yote kwa nusu ya bei, ni mambo mawili yaliyo ndugu. Mkulima aliyejua kulima vizuri aliona hapana sababu ya kujisumbua. Mwaka 1990 amri hizo zililegezwa, na mwaka 1991 serikali ile ilianguka.

Tangu hapo habari ya bwana shamba ilianza upya. Mwaka 1993 chama kiitwacho Sasakawa Global 2000, ambacho miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Bwana Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, na Bwana Norman Borlaug, mtaalamu mkubwa wa ngano, kilianza kuonyesha wakulima wa Ethiopia kilimo bora katika vipande vya nusu hekta. Mwaka 1995 serikali iliifanya njia hiyo kuwa ya nchi nzima. Baadaye maelfu mengi ya vijana walisomeshwa kazi ya bwana shamba, na ikakusudiwa kila kijiji kiwe na watatu: wa mimea, wa mifugo, na wa kutunza udongo na maji. Tena tangu mwaka 1998, ikianzia jimbo la Tigray, wakulima walianza kupewa hati za maandishi za kutumia mashamba yao.

Matokeo yake yalipimwa. Mwaka 2009 Bwana Stefan Dercon na wenzake watatu walitangaza hesabu ya nyumba katika vijiji 15 vya Ethiopia, vya ngano na vya mazao mengine, ambazo walizifuata kwa miaka mingi. Waliona kwamba kutembelewa na bwana shamba walau mara moja kulipunguza idadi ya maskini kwa karibu watu 10 katika kila 100. Na kwa ngano yenyewe, mwishoni mwa karne ya ishirini hekta moja ya Ethiopia ilitoa, kwa wastani, chini ya tani moja na nusu. Ilipofika mwaka 2020 ilikaribia tani tatu. Elimu ni ile ile ya Chilalo. Lililobadilika ni hili, ya kwamba wale wenye ardhi wakubwa wa zamani hawachukui tena fungu lao la mavuno, na ngano yauzwa sokoni.

Hata hivyo liko fundisho moja tena. Ngano ina adui aitwaye kutu. Ni kuvu ndogo sana; vumbi lake hupeperushwa na upepo toka nchi hata nchi, na shamba lililokuwa kijani huweza kuharibika katika majuma machache. Mwaka 1998 kutu ya shina ya namna mpya ilionekana Uganda, ikaenea Kenya, na mwaka 2003 ikaonekana Ethiopia. Mwaka 2010 kutu ya manjano iliharibu ngano nyingi ya Ethiopia, na wakulima wengi wakashika mbegu iitwayo Digelu, iliyoweza kuistahimili. Lakini mwaka 2013 kutu nyingine ya shina ikaishambulia Digelu yenyewe katika Arsi na Bale, na watu waliopanda mbegu ile moja tu walipata hasara kubwa. Basi elimu ya shamba si kama kisima kichimbwacho mara moja. Ni kama paa la nyasi: lataka kuezekwa tena na tena. Bwana shamba aliyefundisha jambo jema miaka kumi iliyopita asipofundishwa tena yeye mwenyewe, atawapoteza watu kwa nia njema.

Sasa na tukusanye maneno yetu. Wako wasemao kwamba umaskini wa mkulima ni ujinga tu, na akifundishwa atatajirika. Habari ya Chilalo yawakanusha. Wako wengine wasemao kwamba bwana shamba hana faida, kwa kuwa maskini hubaki maskini. Hao nao habari hii yawakanusha, maana elimu iliongeza ngano kweli, na mahali palipokuwa na haki iliinua nyumba nyingi. Elimu ni maji yatiririkayo. Huleta uhai, lakini hufuata mfereji. Kama mfereji waelekea shamba la jirani, shamba lako litabaki kavu, hata kama wewe ndiwe uliyeyateka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, bwana shamba ajapo kwako, umpokee kwa heshima. Umpe kipande kidogo cha shamba ajaribu, wala usimpe shamba zima mwaka wa kwanza. Kisha, pamoja na kumwuliza, "Nitavuna magunia mangapi?" umwulize mambo haya matatu: "Nikilipa deni na kodi, yatabaki mangapi ghalani kwangu? Nani atainunua ngano yangu, na kwa mizani ya nani? Na shamba hili nikilitengeneza, nani aweza kuniondoa?" Bwana shamba mwema hatachukizwa na maswali haya. Atakaa chini pamoja nawe, achukue kijiti, na kuandika hesabu mchangani. Na kama jibu la swali la tatu si jema, jueni kwamba jambo hilo haliwezi kuponywa kwa mbolea. Lataka wanakijiji wakae pamoja na kutafuta hati zao mapema, kabla ngano haijawa nzuri mno machoni pa watu wengine.